Uliza Fundi: Mtutu Umechoka, Nichukue Upi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za mitutu tu, inaonekana watu wengi bunduki zao zimefika umri, na kuna moja ya kutoka Texas ambayo nimeamua kuijibu kwa urefu kwasababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo watu hufanya kabla hawajatoa pesa. Hizi zingine nimezijibu kwa ufupi kidogo.

SWALI: Salaam fundi. Mimi ni Mkenya niko Texas miaka mingi sasa, nina bunduki ya Remington 700 inayopiga risasi za .308, yenye mtutu mzito, niliinunua kwa mtu hivyo sijui ilishapiga risasi ngapi. Ilikuwa inaweka risasi tano ndani ya inchi moja kwa yadi 100, sasa zinatawanyika mpaka inchi mbili na nusu. Jumamosi tunapiga shabaha klabuni, nataka nianze mashindano ya F-TR, yale ya shabaha za mbali kwa bunduki ya miguu miwili, na nikipata nafasi nawinda nguruwe pori. Nimeshaamua kubadili mtutu. Jamaa klabuni wengine wananiambia nichukue steinlesi, wengine wanasema kromoli, ile chuma yenye kromu na molibdenamu, ndio inadumu, wengine wanasema nihamie kabisa risasi nyingine, 6.5 Creedmoor. Nataka kitu kitakachodumu na kipige sawa. Nichukue kampuni gani?

JIBU: Salaam kaka. Ngoja kwanza, kabla ya kampuni, una uhakika gani kwamba mwenye makosa ni mtutu? Maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, bunduki ikianza kutawanya mtu anakimbilia kununua mtutu halafu mpya unafungwa na tatizo liko palepale kwasababu skurubu za skopu, ile darubini ya kulengea, zilikuwa zimelegea. Fanya hivi, haitakugharimu kitu. Kaza skurubu za kitako na za skopu kwa spana yenye kipimo, usikaze kwa kukadiria na mkono. Azima skopu ya mwenzako ambayo unajua haina shida, uifunge upige nayo. Safisha mtutu mpaka shaba yote itoke, sio ile masizi nyeusi tu, yaani tumia dawa ya kutoa shaba na uendelee mpaka kitambaa kisitoke tena na rangi ya bluu au kijani. Halafu piga na risasi za boksi lilelile uliloona linapiga vizuri zamani, usilete aina mpya wakati unatafuta ugonjwa.

Baada ya hapo angalia mdomo wa mtutu. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kiingize kidogo kwa mbele halafu kivute nje taratibu ukikizungusha ukingoni, kila upande. Kama nyuzi za pamba zinanasa mahali, pale pana jino, na jino dogo namna ile linatosha kuharibu kila kitu kwasababu gesi inatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kusukuma kitako cha risasi. Hiyo fundi anaikereza upya, hakuna haja ya mtutu mpya.

Ukimaliza hayo yote na bado inatawanya, ingiza kamera ndogo ya kuangalia ndani, siku hizi zinapatikana chini ya dola 100, au muombe mtu klabuni lazima yupo mwenye nayo. Angalia pale mbele ya chemba, yaani pale risasi inapokaa, inchi mbili tatu za mwanzo ambapo inaanza mifereji inayoizungusha risasi. Mtutu uliochoka unaonekana hapo, chuma kimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka kiangazi, na zile kingo za mifereji zimeliwa. Mtutu hauchoki kwa kusuguliwa na risasi kama watu wengi wanavyodhani, unakufa kwa moto, gesi ya baruti ina joto kali sana na presha kubwa, inachoma ule uso wa ndani kila ukifyatua, unakuwa mgumu, unapasuka, unamong'onyoka kidogokidogo. Kwa hiyo mwanzo wa mifereji unasogea mbele, risasi inaruka pengo refu zaidi kabla ya kushikwa, na ikishikwa imeshapinda kidogo.

Hapa ndipo jibu la Creedmoor lilipo pia. Maisha ya mtutu yanategemea unachoma baruti kiasi gani kupitia tundu la ukubwa gani. Chukua .308 na .300 Winchester Magnum, zote tundu lake ni lilelile, lakini .308 inachoma baruti kama greini 44 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) na ile Magnum inachoma 70 na zaidi. Mtutu wa .308 ukitunzwa unaweza kwenda risasi 5,000 hivi ukiwa bado unapiga vizuri, ule wa Magnum mara nyingi nusu ya hapo au chini. 6.5 Creedmoor, ambayo Hornady waliitoa mwaka 2007, ni risasi nzuri sana sina ubishi nayo, inapita kwenye upepo vizuri kuliko .308, ila tundu lake ni dogo na baruti haipungui sana, hivyo watu wengi wanaona mtutu wake unaanza kulegea kati ya 2,000 na 3,000. Wewe umeniambia unataka udumu. Na kingine ambacho hao jamaa hawajakuambia, F-TR inakubali .308 na .223 tu. Ukihamia Creedmoor umejitoa mwenyewe kwenye mashindano uliyotaka kuingia, utapangwa kwenye darasa la F-Open na wale wenye bunduki nzito zaidi. Baki na .308.

Sasa chuma. Kaka, ubishi wa steinlesi na kromoli umekuwa mkubwa kuliko unavyostahili. Mitutu mingi ya shabaha ni steinlesi ya 416R, inakerezeka vizuri, inasuguliwa ndani ikawa laini, na joto la pale mwanzo inalivumilia vizuri. Kromoli ya 4140 ni ngumu, bei yake iko chini kidogo, ila inataka mafuta, ukiisahau inashika kutu. Steinlesi nayo inashika kutu, usidanganywe na jina, ni vile tu inachelewa. Kwa matumizi yako ningechukua steinlesi, lakini ningependa uweke akili yako zaidi kwenye jinsi mifereji ilivyotengenezwa na nani atakufungia, kwasababu hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo.

Njia ni tatu kubwa. Kuna ya kukwangua, kisu kimoja kinapita ndani kinatoa chuma kidogo sana kila mara, kinarudia na kurudia mpaka mfereji unafika kina chake, Krieger na Bartlein ndio wanajulikana kwa hiyo, inachukua muda ila chuma hakibaki na mkazo ndani yake. Kuna ya baton, kipande kigumu cha kabaidi chenye umbo la mifereji kinavutwa au kusukumwa ndani mara moja tu, Shilen na Lilja wanafanya hivyo, ni haraka, lakini chuma kinabaki na mkazo kwa hiyo lazima kipashwe moto kuutoa, na kampuni nzuri inafanya hiyo kazi kwa uangalifu. Halafu kuna ya kufuliwa kwa nyundo, mtutu unavalishwa kwenye ufito mgumu wenye umbo la mifereji na manyundo yanaupiga kwa nje mpaka unalishika lile umbo, Wajerumani waliikuza kabla na wakati wa Vita vya Pili kwasababu bunduki zao za rashasha zilikuwa zinakula mitutu mno, na leo Sako, Tikka, Steyr na Ruger wanaitumia. Huo unadumu sana na kwa uwindaji unapiga safi. Kwa mashindano, bado washindi wengi wanaegemea kukwangua na baton, na ukiangalia kwa haki utaona baton nzuri inashinda iliyokwanguliwa vibaya, kwa hiyo chagua kampuni ambayo inausugua mtutu kwa mkono ndani na inakuandikia vipimo vyake, basi.

Msokoto sasa, yaani mifereji inazunguka mara moja kwa inchi ngapi, maana hapa watu wanabahatisha na wakati hesabu yake ni ya zamani na ni rahisi. George Greenhill wa Woolwich kule Uingereza aliitoa mwaka 1879. Chukua 150, zidisha kwa kipenyo cha risasi, zidisha tena kwa kipenyo hichohicho, gawanya kwa urefu wa kichwa cha risasi bila ganda, vyote kwa inchi. Risasi ya .308 yenye urefu wa inchi 1.2, yaani hizi za greini 168 hivi, inakupa: 150 mara 0.308 mara 0.308 ni kama 14.2, gawanya kwa 1.2 unapata 11.9. Maana yake mtutu ambao mifereji yake inazunguka mara moja kwa inchi 12 unaitosha, na ndio maana Remington nyingi za .308 zilikuja na 12. Umeona kinachohesabiwa ni urefu wa risasi, uzito haumo kabisa, watu wanasema uzito kwa mazoea tu. Lakini F-TR siku hizi watu wanapiga za greini 185, 200, ni ndefu, 12 haitazishika vizuri, zitafika zimelala ubavu na utaona tundu la umbo la yai kwenye karatasi. Agiza 10. Za nguruwe fupi nazo zitapiga sawa tu kwenye 10, kuzungusha zaidi kidogo hakuna madhara ya kuonekana, kuzungusha pungufu ndio kunakuangusha.

Urefu na unene: wapigaji wa F-TR wanakwenda mpaka inchi 30 kutafuta kasi, ila ukibeba inchi 30 kwenye vichaka vya Texas usiku unatafuta nguruwe utanikumbuka kwa mabaya. Inchi 26 ni mahali pazuri pa kuanzia, kila inchi unayokata unapoteza kasi kama futi 20 mpaka 30 kwa sekunde, sio mwisho wa dunia. Unene chukua mzito, unachelewa kupata joto na risasi ya kumi inaenda ilikoenda ya kwanza, ila pima bunduki yote na skopu na miguu yake kwasababu F-TR mwisho ni kilo 8.25. Ukitaka michirizi ya nje ya kupunguza uzito, aifanye aliyetengeneza mtutu mwenyewe kabla hajamaliza kuusugua ndani, usimpe mtu mwingine aichonge baadaye.

Na fundi. Hapa nakusihi kabisa, usibane pesa. Mtutu wa jina kubwa uliochongwa chemba ovyo utapigwa na mtutu wa kawaida uliofungwa na mtu anayejua, na gharama ya fundi inakaribiana na ya mtutu wenyewe, ipange mapema. Remington 700 mtutu wake wa kawaida unakaa kwa bega, unataka mashine ya kukereza, haufungwi mezani kwa spana. Mpelekee fundi risasi moja ya mfano isiyo na baruti wala praima (kile kiwashio cha baruti), iliyopangwa na kile kichwa unachotaka kupiga, achonge mwanzo wa mifereji kulingana nacho. Akimaliza muombe akuonyeshe kwa macho yako vile vipimo viwili vya chemba, vipande vya chuma vinavyoingizwa mahali pa risasi, bolti (komeo la bunduki) inatakiwa ifunge kwenye cha inchi 1.630 na ikatae kwenye cha inchi 1.634. Ikifunga kwenye hicho cha pili usiichukue bunduki. Ni usalama wa uso wako huo.

Marekani sheria ya shirikisho inahesabu bodi ya bunduki, ile sehemu kuu yenye mitambo, ndio silaha, mtutu unaagiza kawaida, ila majimbo mengine yana ya kwao hivyo uliza dukani kwanza.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwindaji bingwa huku Tanzania, naongoza wageni. Bunduki yangu ni .375 H&H juu ya bodi ya Mauser 98, niliyorithi, mtutu una vishimo vya kutu ndani na siku hizi ikipiga risasi mbili tatu tu inajaa shaba na inaanza kwenda kushoto. Mgeni mmoja Mmarekani alinishauri mtutu uliozungushiwa kaboni, alisema ndio wa kisasa. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana kwa kaboni, na nakueleza kwanini. Ule umetengenezwa kwa mtu anayepanda mlima na anataka mtutu mnene usio na uzito, wewe shida yako ni kinyume, .375 inapiga bega na uzito wa mtutu ndio unakusaidia kuikalisha na kuirudisha haraka kwa risasi ya pili nyati akiwa anakuja. Halafu mtutu wako utafungwa pete ya mkanda, utafungwa kituo cha mbele cha kulengea, vyote vinataka chuma cha kushikilia.

Kwako kudumu maana yake ni kutu. .375 H&H ipo tangu 1912, inachoma baruti nyingi ndio lakini kupitia tundu kubwa, na wewe kwa msimu mzima hupigi nyingi, huwezi kuichosha kwa moto. Kitakachouua mtutu ni jasho, vumbi, mvua za masika, bunduki kulala ndani ya begi la turubai ikiwa na unyevu. Kwa hiyo chukua kromoli iliyofuliwa kwa nyundo na ikapewa naitraidi, ile dawa ya joto inayoufanya uso mgumu na kutu isishike kirahisi, au steinlesi iliyopigwa mchanga ising'ae. Inchi 22 mpaka 24. Msokoto wa 12, huo ndio wa kawaida wa .375 na risasi za greini 300 unazishika vizuri, hata zile za shaba tupu.

Mauser 98 kubwa ina nyuzi zake za kizamani za Kiingereza, kipenyo cha inchi 1.1, nyuzi 12 kwa inchi, pembe ya digrii 55 sio 60, mwambie anayekutengenezea mapema asije akakuchongea za 60 halafu akalazimisha. Ukifungiwa Ulaya kwenye nchi za CIP, lile shirika la kimataifa la kupima usalama wa silaha, mtutu lazima upigwe risasi ya majaribio yenye presha asilimia 25 juu ya kiwango cha juu kabisa, halafu unagongwa muhuri. Dai uone huo muhuri. Na baada ya kufungwa usiende nayo porini moja kwa moja, piga kwa vituo vya chuma vya kulengea ukiwa umesimama, mita 50, na risasi zilezile utakazobeba, mpaka zikutane pale unapolenga, mtutu mpya haupigi ulikopiga wa zamani.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa polisi wanaosimamia silaha ukaulize utaratibu. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, usiagize wala kupeleka bunduki kwa fundi asiye na leseni ukidhani mtutu ni spea tu kama ya gari. Kibali chako ndio ajira yako.

SWALI: Hujambo fundi, mimi ni mama wa watoto wawili, niko Minnesota, mume wangu na mimi tunapiga shabaha na bunduki ya AR-15. Mtutu wa kwetu umeisha. Dukani wananiuliza kromu, naitraidi au steinlesi, nikanyamaza maana sikujua.

JIBU: Sijambo dada. Kromu ni ule mpako mgumu wa metali unaowekwa ndani, jeshi la Marekani liliing'ang'ania baada ya bunduki zao za M16 kuwasumbua Vietnam, chemba zilikuwa zinashika kutu kwenye unyevu na maganda yananasa, ikabidi kuanzia 1967 hivi chemba zipakwe kromu na baadaye mtutu wote. Inadumu mno hata ukipiga haraka haraka, ila ule mpako haukai sawa kila mahali kwa hiyo usahihi unapungua kidogo. Kati ya hizo tatu, steinlesi ndio sahihi zaidi na ndio inachoka mapema zaidi ukiipasha joto. Naitraidi iko katikati, haiongezi kitu ndani, inaugeuza uso uleule kuwa mgumu, vipimo havibadiliki. Kama mnapiga taratibu kwa karatasi chukueni steinlesi, kama watu wawili mnapokezana bunduki moja mchana kutwa chukueni naitraidi.

Msokoto wa 8 unawatosha kwa karibu kila kitu, za greini 55 hadi 77. Chemba chukua inayokubali .223 na 5.56 zote, kwasababu kupiga 5.56 kwenye chemba ya .223 peke yake presha inapanda. Usishuke chini ya inchi 16 kwa urefu, hapo unaingia kwenye sheria nyingine ya shirikisho yenye vibali vyake. Na msiweke bolti ya zamani kwenye mtutu mpya bila kupima kwa vile vipimo viwili nilivyomwambia kaka wa Texas, ila muulize fundi awe na vya .223, namba zake ni tofauti.

SWALI: Fundi, mtutu mpya eti lazima upige moja usafishe, moja usafishe, mpaka hamsini? Ni kweli?

JIBU: Mtutu uliosuguliwa kwa mkono ndani hauhitaji hivyo. Kilicho kipya na kina makwaruzo ni pale fundi alipochonga chemba, mwanzo wa mifereji, hapo risasi za mwanzo zinang'oa shaba kidogo. Piga moja usafishe mara chache, ukiona shaba inayotoka imepungua basi endelea na maisha, kila risasi unayoipiga kwa sherehe unaitoa kwenye maisha ya mtutu huohuo unaotaka udumu. Safisha kutokea nyuma, fito nzima moja isiyo ya kuunga vipande, na kile kiongozi cha plastiki pale bolti inapokaa ili fito isikwangue chemba. Na wakati wa kupiga, ukigusa mtutu ukashindwa kuushikilia, weka bunduki chini bolti ikiwa wazi usubiri upoe.